Mchungaji akiitwa kuongoza chuo: jibu kwa shemasi wa Mbeya

Swali: Shikamoo mwalimu, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni shemasi katika kanisa la Kibaptisti hapa Mbeya. Mchungaji wetu, aliyetulea kwa miaka mingi, ameombwa awe mkuu wa chuo cha theolojia. Washirika wamegawanyika. Wapo wanaosema ni heshima kwetu, na wapo wanaosema ameacha kondoo akafuata ofisi. Kwenye kikao kijana mmoja alimtaja E. Y. Mullins wa Marekani, kwamba naye alikuwa mchungaji wa kawaida, akapelekwa kuongoza chuo, na Wabaptisti hawakuwa vilevile tena. Naomba utueleze huyu alikuwa nani, alifikaje huko, na kama uchungaji wake ulimfaa kitu au aliuacha mlangoni. Na je, mchungaji wetu hawezi kushika vyote viwili?

Jibu: Marahaba, shemasi. Amina, asifiwe. Wasalimie washirika wote, hasa hao walioumia, maana kanisa linaloumia mchungaji akiondoka ni kanisa lililolelewa vizuri.

Kijana wenu hakukosea kumtaja Mullins. Nami nakujibu moja kwa moja: hakuuacha uchungaji mlangoni. Uchungaji ndio uliofanya achaguliwe, ndio uliombeba kwa miaka 29 katika kiti cha mkuu wa seminari, na ndio uliomletea lawama ambazo wanatheolojia wa Kibaptisti wanazijadili mpaka leo. Nitakueleza habari zake kwa kirefu kidogo, kwa sababu mfano wake ukielezwa nusu unaweza kuwapotosha.

Edgar Young Mullins alizaliwa tarehe 5 Januari 1860 katika wilaya ya Franklin, jimbo la Mississippi, mtoto wa mhubiri wa Kibaptisti ambaye pia alikuwa mwalimu wa shule. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe familia ilihamia Corsicana, Texas. Nyumba ilikuwa na watoto wengi na fedha kidogo, kwa hiyo Edgar alianza kazi mapema na ujanani akawa mpokeaji wa simu za telegrafu. Kazi ile ilikuwa ya masikio. Milio mifupi na mirefu inaingia mfululizo, nawe unaandika neno la kwanza huku la pili limeshaanza kulia. Mshahara wake ulisaidia ndugu zake kusoma. Chuo cha serikali cha kilimo na ufundi cha Texas kilipofunguliwa mwaka 1876, alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa kwanza, akamaliza 1879 akiwa na nia ya kuwa mwanasheria.

Mwaka 1880 aliingia kwenye mkutano wa injili mjini Dallas. Mhubiri alikuwa Meja William Penn, ambaye mwenyewe alikuwa ameacha uwakili akawa mwinjilisti. Mullins aliokoka hapo, akarudi Corsicana kubatizwa na baba yake, na mwaka uliofuata alikuwa Louisville, Kentucky, katika seminari ya Southern Baptist, yaani umoja wa makanisa ya Kibaptisti ya kusini mwa Marekani. Seminari hiyo ilianzishwa mwaka 1859 huko Greenville, South Carolina, ikahamia Louisville 1877. Walimu wake wakubwa, James P. Boyce na John A. Broadus, wote walikuwa wamewahi kuwa wachungaji wa makanisa kabla ya kushika chaki. Hili waambie wale wanaodhani mchungaji kwenda chuoni ni jambo geni kwa Wabaptisti. Kwa Wabaptisti wa kusini mwa Marekani, kwa muda mrefu ndiyo ilikuwa njia ya kawaida.

Alipomaliza 1885 alitamani kwenda Brazil kama mmisionari, lakini mpango haukutimia. Akapewa kanisa katika mji mdogo wa Harrodsburg, Kentucky. Mwaka 1886 alimwoa Isla May Hawley. Walijaliwa wavulana wawili, na wote wawili walifariki wakiwa wadogo. Mullins alipokuja kuandika kwamba imani huanzia katika kukutana kwa mtu na Mungu, aliandika kama baba aliyezika watoto wake, na nadhani msomaji wa vitabu vyake anapaswa kulikumbuka hilo.

Kuanzia 1888 hadi 1895 alichunga kanisa la Lee Street, Baltimore. Hapa ndipo, kwa maoni yangu, mkuu wa chuo alipotengenezwa. Baltimore ulikuwa mji wa bandari na viwanda, na washirika wake wengi walikuwa wafanyakazi. Mullins alijikuta katika shida zao za ajira, ulevi, umaskini na makazi duni. Alihubiri uamsho na wakati huohuo akataka kanisa lijihusishe na hali ya mji. Nafasi ikipatikana alikwenda kusikiliza masomo katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kilichokuwa mjini humohumo. Kwa hiyo kwa miaka saba alikuwa na mguu mmoja kwenye nyumba za wafanyakazi na mwingine darasani, na alijifunza kulieleza jambo zito kwa mtu aliyetoka kazini amechoka. Chuo kinachotafuta mkuu kingefanya vizuri kuuliza kama mtu huyo ana uwezo huo kabla ya kuuliza juu ya shahada zake.

Baada ya Baltimore alifanya kazi kwa muda mfupi katika bodi ya misheni ya nje huko Richmond, lakini hakukaa. Mwaka 1896 akaitwa na kanisa la Newton Centre, Massachusetts, karibu na Boston. Yeye mtu wa kusini akahubiria watu wa kaskazini, jirani na seminari nyingine ya Kibaptisti na karibu na Harvard, mahali ambapo mawazo mapya ya falsafa na uchambuzi wa Biblia yalikuwa yakijadiliwa waziwazi. Huko alikuwa bado mchungaji wa kanisa moja, bila cheo chochote cha kitaaluma, nyumbani kwao kusini ugomvi ulipolipuka.

Ugomvi wenyewe ulikuwa hivi. Mkuu wa tatu wa seminari, William Whitsitt, alikuwa mwanahistoria. Katika utafiti wake alifikia hitimisho kwamba Wabaptisti wa Uingereza walianza tena ubatizo wa maji mengi mwaka 1641, na kabla ya hapo hawakuwa wakibatiza hivyo. Alipolitangaza kwa jina lake mwaka 1896, makanisa mengi yalitikisika. Kusini mwa Marekani palikuwa na mafundisho yenye nguvu yaliyosema makanisa ya Kibaptisti yamekuwepo bila kukatika tangu Yohana Mbatizaji na Yerusalemu. Ukiamini hivyo, mwaka 1641 si tarehe tu; ni mtu anakuambia ukoo wako umeanza juzi. B. H. Carroll, mchungaji mashuhuri wa Waco, Texas, aliongoza upinzani. Watu walitishia kuacha kuichangia seminari. Whitsitt aliondoka mwaka 1899. Wanahistoria wengi wa Kibaptisti leo wanakubali kwamba katika jambo la msingi alikuwa na haki.

Basi fikiria baraza la wadhamini likikaa kutafuta mkuu mpya. Maprofesa waliokuwepo walikuwa upande wa Whitsitt au walihesabiwa hivyo. Wakichukua mpinzani, walimu wataondoka. Wakichukua mtetezi, makanisa yataondoka. Wakamchagua Mullins, mwenye umri wa miaka 39, ambaye hakuwa na shahada ya udaktari aliyoisomea darasani, na ambaye sifa yake kubwa ilikuwa kwamba alijulikana kama mchungaji mwema na hakuwa amepiga kambi upande wowote. Umbali wa Massachusetts ulimsaidia. Ni wazi kwamba wadhamini walikuwa wakitafuta mtu ambaye makanisa yangemsikiliza, na katika hali ile usomi mtupu usingetosha.

Akaanza kwa kufanya kile ambacho mchungaji hufanya akipewa kanisa lililogombana. Alikwenda kwa watu. Alihubiri katika makanisa, akahudhuria mikutano ya majimbo, akajibu barua, akaomba fedha uso kwa uso. Wakati huohuo alifundisha theolojia darasani mwaka baada ya mwaka. Chini yake A. T. Robertson alipata nafasi ya kukamilisha sarufi yake kubwa ya Kigiriki cha Agano Jipya, kitabu cha zaidi ya kurasa 1,300 kilichotoka 1914. Mwaka 1904 seminari ilianzisha jarida lake la kitaaluma. Mwaka 1907 Umoja wa Wanawake wa Misheni ulifungua chuo chao cha mafunzo palepale Louisville, na wanafunzi wake wakahudhuria masomo ya maprofesa wa seminari, jambo ambalo Mullins aliliunga mkono wakati wengi waliona mwanamke darasani mwa theolojia ni hatari.

Mwaka 1905 Wabaptisti wa mataifa walikutana London na kuunda Muungano wa Wabaptisti Duniani. Mullins alikuwa mmoja wa waliozungumza. Miaka mitatu baadaye akatoa kitabu kilichoeleza imani ya Kibaptisti kwa misingi sita, na kiini chake ni kwamba kila nafsi ina uwezo, chini ya Mungu, wa kumwendea Mungu yenyewe, bila padri, bila serikali, bila mtu wa kusimama katikati. Kutoka hapo akajenga usawa wa waamini ndani ya kanisa, na kanisa huru ndani ya nchi huru. Shemasi, nyinyi mnapopiga kura kwenye mkutano wa washirika, na kura ya mama muuza ndizi ikahesabiwa sawa na ya mwalimu mkuu, mnaishi ndani ya wazo ambalo Wabaptisti walikuwa nalo zamani, na ambalo Mullins alilipa maelezo yaliyosambaa kuliko ya mtu mwingine yeyote wa kizazi chake.

Sasa tuje kwenye lawama. Kitabu cha theolojia kilichotumika seminarini kabla yake kilikuwa cha Boyce, chenye kuanza na Mungu na makusudi yake ya milele, kwa mpangilio mkali wa Kikalvini, yaani wa mafundisho ya Yohana Calvin. Mwaka 1917 Mullins alitoa cha kwake, kikachukua nafasi hiyo. Yeye alianza na uzoefu wa mwamini: mtu ameokoka, amebadilika, anajua amekutana na Kristo, sasa tuyafikirie hayo kwa mwanga wa Maandiko. Unaona jinsi ilivyo theolojia ya mchungaji? Huanzia pale mshirika alipo. Lakini wakosoaji wakasema, na wanasema bado, kwamba ukianzia kwa mtu unaweza usifike kwa Mungu, na kila mmoja akadai uzoefu wake ndio kipimo. Albert Mohler, aliyeshika kiti kilekile cha Louisville mwaka 1993, ni mmoja wa wakosoaji hao wakubwa. Wengine wanamtetea Mullins na kusema bila yeye uhuru wa dhamiri ungepotea kati ya Wabaptisti. Mimi naona wakosoaji wana hoja juu ya kitabu, na watetezi wana hoja juu ya mtu. Mullins mwenyewe alishikilia Maandiko kwa nguvu na aliandika dhidi ya theolojia iliyokana miujiza. Walioitumia njia yake baadaye bila imani yake ndio walioifikisha mahali pengine.

Tabia hiyo ya kutafuta pa kusimama katikati ilionekana zaidi wakati wa mabishano juu ya mageuzi ya viumbe. Mwaka 1922 muswada uliletwa katika bunge la Kentucky wa kupiga marufuku kufundisha mageuzi katika shule za umma. Mullins hakuwa shabiki wa Darwin. Hata hivyo alikwenda mbele ya wabunge kuupinga, kwa sababu hakutaka serikali iwe mwamuzi wa mafundisho. Kura zilipohesabiwa muswada ulianguka kwa 42 dhidi ya 41. Jiweke mahali pake: mkuu wa seminari inayoishi kwa sadaka za makanisa yaliyochukizwa na mageuzi, anasimama hadharani kusema sheria hiyo isipite. Wanaomwita mtu wa kupendeza kila upande wasiisahau siku hiyo.

Mwaka 1925 huko Memphis alikuwa mwenyekiti wa kamati iliyoandika tamko la imani la Southern Baptist, kwa kurekebisha ungamo la New Hampshire la 1833. Kamati ilitanguliza maelezo kwamba maungamo ni mwongozo wa kufasiri tu, hayana mamlaka juu ya dhamiri, na hayapaswi kutumiwa kuzuia uhuru wa kufikiri. Wapo waliotaka kuingiza kifungu kikali zaidi juu ya mageuzi, wakashindwa, lakini mwaka uliofuata huko Houston mkutano mkuu ulipitisha msimamo mkali hata hivyo. Hapo ndipo unapoona mpaka wa njia ya Mullins. Alijua kupatanisha watu wanaotaka kupatana. Kulipokuwa na watu wasiotaka, upole wake ulinunua muda tu.

Kuna doa jingine ambalo siwezi kulipita, hasa ninapomwandikia Mwafrika mwenzangu. Waanzilishi wa seminari ile walikuwa na watumwa. Seminari yenyewe ilichapisha taarifa mwaka 2018 ikikiri hilo kwa kirefu. Katika miaka yote ya Mullins hakuna mwanafunzi mweusi aliyekaa darasani pamoja na wazungu. Sheria ya Kentucky ya 1904 ilikataza, na seminari haikupambana nayo. Mwaka 1924 ilifunguliwa seminari kwa ajili ya Wabaptisti weusi huko Nashville, kwa ushirikiano wa makanisa ya pande zote mbili, lakini mbali na Louisville. Mtu aliyeandika kwamba nafsi zote zina haki sawa ya kumwendea Mungu hakuifuata hoja yake hadi kwenye mlango wa darasa lake mwenyewe. Wabunge aliwakabili kwa ajili ya mageuzi. Kwa hili hakuwakabili. Nalisema kwa huzuni, kwa sababu naliheshimu wazo lake kiasi cha kutaka angelitimiza.

Nizungumzie fedha, kwa sababu ndiyo sehemu ya kazi ya mkuu wa chuo ambayo wachungaji huishtukia wakiwa wameshakubali. Mwaka 1919 Southern Baptist walianza kampeni ya kuchanga dola milioni 75 kwa miaka mitano. Ahadi zilifika karibu dola milioni 92, watu wakashangilia. Bei ya mazao iliposhuka, zilizoingia mkononi zikawa kama milioni 58. Taasisi zilizopanga kwa kutazama ahadi zikajikuta na madeni. Mullins aliihamisha seminari kutoka katikati ya mji hadi kwenye viwanja vikubwa vya Barabara ya Lexington mwaka 1926, majengo mazuri ambayo yapo hadi leo, lakini mrithi wake, John Sampey, alirithi pia deni, na mdororo mkubwa wa uchumi ukamkuta nalo. Kila mweka hazina wa kanisa anajua tofauti ya kadi ya ahadi na fedha iliyofika benki. Muulizeni mchungaji wenu kama anaijua kwa kiwango cha chuo.

Kati ya 1921 na 1924 Mullins alikuwa pia rais wa mkutano mkuu wa Southern Baptist, na mwaka 1923 huko Stockholm alichaguliwa kuongoza Muungano wa Wabaptisti Duniani. Mzigo ulizidi. Muungano ulipokutana Toronto mwaka 1928 maradhi yalimzuia kwenda. Alifariki Louisville tarehe 23 Novemba mwaka huohuo, bado akiwa mkuu wa seminari.

Kwa nini haya yawahusu watu wa Mbeya? Wamisionari wa Southern Baptist walifika Tanganyika na Kenya mwaka 1956, na katika miaka ya 1960 wakafungua seminari Arusha. Walikuja kutoka katika makanisa na seminari zilizoundwa na kizazi cha Mullins na wanafunzi wake. Mkazo juu ya kuokoka kwa mtu mmoja mmoja, kanisa la mahali kujitawala, na mchungaji kufundishwa kabla ya kupewa kundi, uliingia kwetu pamoja nao.

Juu ya kushika vyote viwili, Wabaptisti wana mifano miwili mikubwa ya kuweka karibu na Mullins. Charles Spurgeon wa London alianzisha chuo cha wachungaji mwaka 1856 na hakuliacha kanisa lake mpaka kifo. Aliweza kwa sababu masomo ya kila siku yalisimamiwa na mwalimu mwingine, George Rogers, mtu wa kanisa la Kongregesheni ambaye hata juu ya ubatizo hawakukubaliana, na Spurgeon mwenyewe akawa anakutana na wanafunzi Ijumaa kwa mihadhara iliyowachangamsha. Yaani alikuwa baba wa chuo. Ofisi ilikuwa ya mwingine.

Mfano wa pili ni huyohuyo Carroll wa Waco aliyempinga Whitsitt. Alichunga kanisa lake tangu 1870 hadi 1899 huku akifundisha Biblia katika Chuo Kikuu cha Baylor. Alipoamua kuanzisha seminari mwaka 1905, uchungaji wa kanisa alikuwa ameshauweka chini. Seminari hiyo ilipata hati yake 1908 na kuhamia Fort Worth 1910, ikawa kubwa kuliko alivyoiona kwa macho yake, kwani alifariki 1914. Kufundisha kidogo huku unachunga kanisa, Carroll alionyesha kunawezekana kwa miaka mingi. Kubeba chuo kizima, hata yeye mwenye mabega mapana alifanya baada ya kukabidhi kanisa.

Kwa hiyo ushauri wangu: msimwombe mchungaji wenu ashike vyote viwili. Mtampata nusu, na chuo kitampata nusu, na familia yake haitampata kabisa. Kama mnataka asipotee kwenu, mpeni Jumapili moja kila robo mwaka ya kuhubiri, na mwombeni awaletee wanafunzi wa mwaka wa mwisho wafanye mazoezi ya huduma chini ya wazee wenu. Hilo litamfaidi yeye zaidi ya nyinyi, kwa sababu mkuu wa chuo asiyeingia nyumba ya mgonjwa huanza kuandaa wachungaji wasioingia.

Kuhusu wale wanaosema ameacha kondoo, wasinyamazishwe. Waite kikao, waseme yote mbele yake, naye ajibu. Kisha muulizeni maswali matatu ambayo Mullins angelazimika kuyajibu mwaka 1899. Chuo kina ugomvi gani ambao hajaambiwa, na nani wanatarajia awe upande wao? Vitabu vya hesabu vya miaka mitatu iliyopita ameviona kwa macho yake, au ameonyeshwa ahadi za wafadhili? Na atabaki na kipindi cha kufundisha darasani, au atafungiwa kwenye ofisi? Mullins alifundisha miaka yote ile, na wanafunzi wake walimjua kwa sauti kabla ya kumjua kwa cheo.

Akijibu hayo vizuri na bado moyo wake uko huko, mruhusuni kwa kuwekewa mikono mbele ya kanisa zima, siku ya ibada kuu, si kwa barua ya kamati. Na kamati ya kutafuta mchungaji mpya ianze wiki hiyohiyo, yeye akiwa bado yupo wa kuulizwa.